Mvua Fupi ya Doña Lucha

Siku tulipomzika Doña Lucha, mvua ilitukuta kwenye maegesho ya kanisa, katikati ya magari, mikononi tumebeba masufuria ya wali na maharage. Ilikuwa mvua ya kiangazi ya huku kwetu Saint Paul, Minnesota, isiyotoa taarifa. Jua lilikuwa linawaka, mara maji yakamwagika kama mtu kapindua beseni, na lami iliyokuwa ikichemka tangu asubuhi ikatoa ile harufu yake ya vumbi na chuma. Watu walikimbia. Mjukuu wake mmoja, kijana mrefu mwenye tai nyeusi, alijibana nami chini ya upenu, akajipangusa uso kwa kiganja, akasema neno moja tu: "Chaparrón."

Nikacheka pale pale msibani, na machozi yakatoka.

Wenzangu mliokulia huku miaka ya tisini, watoto wa wanafunzi na wa wauguzi, mtanielewa nikisema kwamba baadhi ya maneno tunayoishi nayo hatukufundishwa na wazazi wala na walimu. Tulifundishwa na watu wa ghorofa ya chini. Ngoja nilieleze hili taratibu, maana linastahili.

Chaparrón ni neno la Kihispania. Ni mvua, lakini si kila mvua inastahili kuitwa hivyo. Manyunyu yana jina lake, na mvua inayokaa wiki nzima ikaozesha kila kitu nayo ina lake. Chaparrón ni ile inayoshuka ghafla na kwa nguvu zote, inakulowesha mpaka soksi, halafu inaondoka kana kwamba si yenyewe iliyofanya vile. Kwa hiyo ukilitumia, hakikisha vitu viwili vimo ndani: uzito na ufupi. Kimoja kikikosekana, tafuta neno jingine. Hivyo ndivyo Doña Lucha alivyonifundisha, akiwa ameketi kwenye ngazi za mbele za jengo letu, miguu yake iliyovimba akiwa ameiweka juu ya ndoo iliyofudikizwa.

Alikuwa jirani yetu wa ghorofa ya chini (Doña ni kama Bi kwetu), mwanamke mfupi, mpana, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine. Alifanya kazi ya kufua katika nyumba ya kutunzia wazee kule Roseville, nyumba ile ile ambamo Mama alikuwa msaidizi wa wauguzi. Walipanda basi moja asubuhi na kurudi na basi moja jioni, na ndani ya hilo basi walitengeneza lugha yao. Msingi ulikuwa Kiingereza cha kuokoteza, kuta za Kihispania, na pale ambapo Mama aliishiwa pumzi, Kiswahili. Doña Lucha alimwita Mama comadre, kama wanawake wa kwao waliosaidiana kulea mtoto wanavyoitana. Mtoto mwenyewe nilikuwa mimi.

Mara ya kwanza kusikia neno lile likitumika pasipo mvua, mbingu ilikuwa nyeupe kwa jua. Dada yake Doña Lucha alikuwa ameshuka kutoka kwenye gari na watoto wake wote, kila mmoja na mto wake wa kulalia, wamekuja kukaa. Doña Lucha akawatazama wakipanda ngazi, akapumua, akaniambia, "Chaparrón." Nikatazama juu. Akacheka mpaka akashika mbavu. Ndipo akanieleza kwamba wageni wanaweza kunyesha. Maswali yanaweza kunyesha. Na zaidi ya vyote, maneno makali ya mkubwa yanaweza kunyesha, na kwa hilo kwao wana msemo kamili, unaomwambia mtu avumilie chaparrón: aguanta. Usikimbie, utateleza. Usiitukane mvua, haisikii. Inamisha kichwa, subiri, itapita, kwa sababu ni desturi yake kupita.

Mimi nililielewa upesi. Sisi pia husema mtu amenyeshewa matusi. Lakini kulielewa neno ni jambo moja, na kuwaelewa watu wanaoliishi ni jingine. Nilikuwa nimemwona Mama akiinamisha kichwa mara nyingi kule kazini. Siku za likizo, Baba akiwa kwenye maabara yake ya udongo chuoni, nilikwenda nao Roseville, na nilimwona msimamizi wa ghorofa akimwambia hiki na kile, shuka halikunyooshwa, chai imechelewa, na Mama akiitikia kwa upole macho yakiwa sakafuni. Nikahitimisha, kama watoto wanavyohitimisha, mara moja na kwa hakika, kwamba mama yangu alikuwa mwoga. Nilimpenda hivyo hivyo, kama unavyompenda mtu mgonjwa.

Sasa nieleze habari ya majina, kwa sababu ndiyo iliyoleta mvua yenyewe.

Kwenye kifua chake Mama alivaa kibandiko kilichoandikwa Veronika. Hilo jina hakuna aliyelitumia nyumbani kwetu. Kwa Baba, kwa Watanzania na Wakenya wote tuliosali nao, na kwa yeyote aliyepiga simu kutoka Songea, alikuwa Mama Tunu. Nilipoulizwa shuleni mama yako anaitwa nani nikajibu "Mama Tunu," mwalimu akasema, "Hapana mpenzi, jina lake la kweli." Nikarudia, kwa sauti zaidi, nikidhani hakusikia.

Kule kwenye nyumba ya wazee utaratibu ulikuwa tofauti. Kila mkazi aliitwa kwa jina lake la kwanza, lile lililobandikwa mlangoni, hata kama ana umri wa kumzaa babu yako. Walisema inaleta ukaribu. Mama alijaribu. Alinisimulia jinsi alivyosimama mbele ya mzee wa watu, mweupe kichwa kizima, akafungua mdomo kusema "Harold," na mdomo ukakataa. Akamwita Babu. Mzee akaitika, mambo yakaenda.

Katika chumba cha mwisho kwenye ujia alikaa mama mmoja aliyekuwa akisahau. Mlangoni paliandikwa Evelyn. Siku ya kwanza Mama alipomvalisha soksi aliona juu ya kabati picha ya msichana mwenye kofia ya kuhitimu, akauliza huyu ni nani. "Judy," akajibiwa. Mama akashukuru moyoni, akiwa amepewa alichokuwa akikitafuta. Tangu asubuhi hiyo yule bibi akawa Mama Judy. Mimi pia nilimwita hivyo. Tulikuwa tunapanga pamoja picha za vipande kwenye meza ya ukumbi, yeye akitafuta vipande vya mbingu na mimi vya nyumba, na nikisema "Mama Judy, hiki hapa," aligeuza kichwa. Wengine walipomwita Evelyn, mara nyingi hakugeuka.

Judy mwenyewe alikaa Apple Valley, upande wa pili wa mto, na alikuja Jumapili. Jumapili moja akamkuta Mama kazini, akasikia mama yake akiitwa kwa jina lake yeye. Alikwenda moja kwa moja kwa msimamizi. Jioni ya siku iliyofuata Mama akaambiwa kwamba kesho kuna kikao, na kwamba jambo hili ni zito, linaweza kumgharimu kazi.

Nakumbuka tulivyokuwa kwenye zile ngazi jioni hiyo. Mama alikuwa na ungo wa maharage mapajani, anachambua. Doña Lucha na ndoo yake.

"Kesho chaparrón, comadre," alisema. "Mwache huyo msimamizi anyeshe. Wewe kichwa chini. Sawa, sawa, samahani. Aguanta. Kidogo tu, jua linarudi."

Mama alitupa kijiwe kwenye majani. "Lucha, kwenu mnaanika mahindi?"

"Tunaanika! Juu ya paa."

"Sisi uani, kwenye mkeka. Sasa mvua inakuja na mahindi yako nje. Unafanyaje? Unasimama upenuni na kichwa chini?"

"Ah, comadre!"

"Jibu."

"Natoka mbio."

"Unalowa?"

"Nalowa. Nakusanya yote, kisha najikausha."

"Basi."

"Basi nini? Kesho mahindi ni yapi? Bibi kuitwa hivi au vile? Utatupwa nje kwa ajili ya hivi au vile?"

"Sijajua kama ni mahindi," Mama alisema. "Nikifika nitaangalia."

Baba alikuwa amesimama mlangoni nyuma yetu, mkoba wa vitabu begani. Ufadhili wake ulikuwa umekwisha mwanzoni mwa mwaka, na kwa miezi hiyo yote tulikaa chini ya paa kwa mshahara wa Mama. "Mama Tunu," alisema polepole, "mwite tu huyo bibi wanavyotaka. Mungu anajua moyo wako."

"Mungu anajua, Baba Tunu. Yule bibi je, anajua?"

Akaendelea kuchambua maharage.

Kesho yake nilikuwa ukumbini na Mama Judy, tumefikia pembe ya juu ya picha, pale mbingu inapokuwa ngumu. Walikuja watatu: msimamizi mbele, Judy na funguo za gari mkononi, na Mama nyuma yao. Msimamizi aliniambia nikacheze kwingine. Nilitaka kuondoka, lakini bibi alikuwa amekishika kidole changu na hakukiachia, basi nikabaki. Kwenye mlango wa chumba cha kufulia alitokea Doña Lucha na kitoroli cha mashuka, akasimama hapo kana kwamba kitoroli kimekwama.

"Veronika," msimamizi alianza, "hili tumeshalizungumza. Kila mtu hapa ana jina lake. Si Babu, si Mama nani. Watu hawa wana familia. Familia zinatuamini. Huwezi kuja na kubatiza watu upya."

Mama aliinamisha kichwa. Nyuma ya msimamizi, Doña Lucha alishusha kiganja chake hewani, taratibu, kama anayezima moto wa jiko: chini, chini.

Kisha Judy akasema. Hakuwa mtu mbaya. Sasa nina umri wake wa wakati ule na najua.

"Mama yangu anasahau kila kitu. Amesahau nyumba yake. Amemsahau baba yangu. Kitu kimoja kimebaki, jina lake, na mnamnyang'anya hata hilo? Jumapili nilimuuliza, wewe ni nani? Unajua aliniambia nini? 'Mimi ni mama yake Judy.' Hakusema Evelyn. Jina lake amelipoteza, na ni wewe uliyelipoteza."

Ilinyesha. Msimamizi akaongeza lake, Judy akaongeza lake. Mama alisimama tu, mikono imeshikana tumboni, macho sakafuni, nami nikawa naungua. Nilitaka aseme. Nilitaka apige kelele. Nilimwona mdogo sana ndani ya yale mavazi ya bluu.

"Kwa hiyo kuanzia leo ni Evelyn," msimamizi alisema. "Tumeelewana?"

Mama aliinua kichwa. Hakumtazama msimamizi. Alimtazama Judy.

"Kazi yoyote mtakayonipa nitaifanya," alisema. "Hiyo siwezi."

"Huwezi au hutaki?" msimamizi akauliza.

"Mdomo unakataa. Nikimwita mtu mzima aliyezaa kwa jina lake tupu, nimeingia chumbani kwake bila hodi." Kiingereza chake kilikuwa kinakwenda kwa mguu mmoja mmoja, lakini kilikuwa kinakwenda. "Mama, nisikilize kidogo tu. Kwetu mwanamke akizaa, tunamwita kwa mtoto wake. Jina lake lipo, hatumnyang'anyi. Tunamwongezea mtu. Asubuhi ninapomvalisha mama yako soksi, chumbani hakuna mtu, ni mimi na yeye. Nikisema Mama Judy, tunakuwa watatu. Wewe uko Apple Valley, uko kazini, lakini nimekuingiza. Jumapili umemuuliza yeye ni nani, akakutaja wewe. Mimi nadhani hajapotea. Mimi nadhani anajua alipo."

Funguo za Judy ziliacha kulia.

"Mnachaguaje?" Judy aliuliza hatimaye. "Mtu akiwa na watoto wawili."

"Wa kwanza. Kifungua mimba."

"Basi umekosea. Mimi si wa kwanza."

Mama alishika mdomo wake.

"Alikuwepo kaka yangu. Danny. Alikufa kabla sijaanza shule. Picha zake ziliondolewa, na nyumbani hatukumtaja tena. Hakuna aliyetukataza. Ilikuwa hivyo tu."

"Pole," Mama alisema. "Pole sana, mwanangu. Niliona picha moja, sikuuliza zaidi. Hapo nimekosa, nilipaswa kuuliza." Alimwita mwanangu mwanamke aliyemzidi umri, na wala hakugundua.

"Na kwenu mtoto akifa? Mnambadilisha mama jina?"

"Hapana. Kwetu angekuwa Mama Danny mpaka siku yake mwenyewe. Mtoto ameondoka, umama hauondoki."

Judy alichuchumaa mbele ya kiti cha magurudumu. Alifungua mdomo, akafunga, akafungua tena. Kisha akalisema kama alivyokuwa akilisikia kwa Mama, maneno yote mawili, kwa lafudhi yake ya Minnesota: "Mama Danny."

Bibi alikuwa na kipande cha mbingu kati ya vidole. Hakuinua macho.

"Danny hali karoti," alisema. "Msimlazimishe."

Sauti iliyomtoka Judy sikujua ni kicheko au kikohozi. "Alikuwa ananipa mimi," alisema, bila kumlenga yeyote. "Chini ya meza. Nilikuwa nimesahau. Alikuwa ananipa mimi nizile."

"Nilikuwa nawaona," bibi alisema, akabandika kipande chake, na kikaingia.

Msimamizi akauliza kwa sauti ya chini, "Unataka tufanyeje, Judy?"

"Mwacheni."

"Utaratibu wetu—"

"Nimesema mwacheni amwite."

Kengele ya chumba fulani ilikuwa inalia, na msimamizi akamtuma Mama akaiangalie. Mama akaenda. Kazi yake ilikuwa imebaki pale pale ilipokuwa asubuhi, na hakuna aliyempongeza. Kwa wakazi wengine walikubaliana atumie Bwana au Bibi pamoja na jina la ukoo, jambo ambalo mdomo wake uliliweza.

Kwenye basi la kurudi Doña Lucha alijaribu kukasirika. "Nilikuambia aguanta! Nilikuonyesha na mkono!"

"Niliaguanta," Mama alisema. "Muda wote umeniona ninaaguanta. Nilikuwa naangalia kwanza kama kuna mahindi uani."

Doña Lucha akarudia "ninaaguanta" peke yake, akapiga paja, na mpaka tunashuka alikuwa anacheka kituo baada ya kituo.

Mimi sikucheka. Nilikuwa natengua hesabu yangu yote ya zamani. Nimewahi kuwaeleza wanangu hivi, na niwaeleze nanyi: ukimwona mtu ameinamisha kichwa kwenye mvua fupi, usiharakishe kumpa jina. Pengine anaogopa, kweli. Pengine amejua tu kwamba shuka lisilonyooshwa si jambo la kulowea, naye anahifadhi miguu yake kwa mbio atakazozihitaji. Mama alikuwa akipima. Kila siku, kwenye ujia ule, macho sakafuni, alikuwa akipima lipi lipite na lipi lisipite, na mimi nilidhani anaogopa.

Judy akaanza kuja katikati ya wiki. Alasiri moja, kabla shule hazijafunguliwa, nilimfuata Mama mpaka chumba cha mwisho nikaishia mlangoni. Juu ya kabati palikuwa na picha mpya, au tuseme ya zamani sana: mvulana mwenye pengo, amebeba samaki mdogo kwa mikono miwili kana kwamba ni nyangumi. Mama alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha magurudumu anamchana bibi nywele, zile nyuzi nyembamba nyeupe, akizigawa kwa kitana kama anayegawa za mtoto siku ya sikukuu. Judy alikuwa ameketi kitandani, viatu amevivua, anasimulia habari za huyo samaki, na bibi anamkatiza kumsahihisha, si ziwa hilo, ni lile jingine, na Judy anasema ndiyo, samahani, lile jingine. Mama alikuwa anachana tu, akiwaachia nafasi.

Mgeni mmoja, mwanamume aliyekuja kumwona baba yake, alinikuta nimesimama hapo mlangoni, akainama akaniuliza kwa wema kama nimepotea, na kama kuna mtu wangu humu ndani.

"Sijapotea," nilimwambia, nikasogea pembeni ili naye aone. "Yule mwenye kitana ni mama yangu."